Ruta Kuukuu Katika Nyumba ya Mawe



Mada niliyopewa niiseme mbele ya hadhara hii ni nyonge kwa sura yake, kwani yahusu chombo ambacho aghalabu watu hukitia kabatini pamoja na chaja zilizokatika na rimoti zisizo na televisheni, nacho ni ile ruta ya zamani iliyoondolewa kazini siku fundi alipoleta mpya. Dai langu ni kwamba chombo kile hakijafa, bali kimeuzuliwa. Na kikipewa cheo kingine kilicho chini ya kile cha kwanza, chaweza kutumika miaka mingi tena kwa kueneza waifai pale ambapo mawimbi ya ruta mpya hayafiki. Wala sitasema kwa nadharia tupu. Nitaisimulia nyumba moja niijuayo, nyumba ya shangazi yangu iliyo Mji wa Kale wa Mombasa, maana ni humo nilimojifunza jambo hili, na nilijifunza baada ya kulikosea.

Nyumba yenyewe ni ya orofa mbili, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa dhiraa nzima, yaani karibu nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa wajenzi wa zamani walipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti za mikoko, nazo hazivuki sana mita tatu. Kwa hiyo mtu atokaye sebuleni kwenda chumba cha ndani huvuka kuta mbili au tatu katika mwendo wa hatua chache tu. Kwa joto la pwani, ujenzi huu ni neema. Kwa mawimbi ya waifai ni dhiki, kwa sababu mawimbi hayo, yaliyo katika masafa ya gigahezi 2.4, yana urefu wa sentimita kumi na mbili na nusu hivi, na yale ya gigahezi 5 yana urefu wa sentimita sita tu, na kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo linavyochoka upesi katika jiwe, seuze jiwe lililolewa unyevu na chumvi ya bahari kwa miaka mingi.

Mwaka 2009 waya wa baharini uitwao TEAMS ulitandazwa kutoka Fujairah hadi Mombasa, katika bahari ile ile iliyokuwa ikipitwa na majahazi ya kaskazi. Na tangu zilipokuja nyaya za namna hiyo, maneno ya mtu aliyeko ng'ambo hufika kwetu kabla hajaifunga midomo yake. Shangazi ana mtoto wake wa kiume Maskati. Kila usiku baada ya sala ya isha, mama huyu, ambaye miguu haimpi nguvu tena, alikuwa akikongoja kutoka chumbani mwake mpaka ngazi ya tatu kutoka chini, akaketi hapo na simu mkononi, kwa sababu hapo tu, katika nyumba yote, ndipo sura ya mwanawe ilipokuwa haikatiki. Usiku mmoja aliniita.

"Mwanangu."

"Labeka, Shangazi."

"Mimi na magoti haya, nitakaa ngazini mpaka lini?"

Neno lile lilinichoma, kwani nilikuwa nikipita pale kila siku nikimwona, na sikuwahi kujiuliza kwa nini amekaa hapo. Habari ilikuwa imevuka bahari nzima salama, ikashindwa na ukuta wa babu yake.

Dawa ya kwanza iuzwayo madukani ni kile kisanduku cha kuchomekwa ukutani, kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyatoa upya. Sikukipenda, na sababu yangu ni hii: visanduku vya bei nafuu vina redio moja, nayo yapaswa kusikiliza na kusema kwa zamu katika masafa yale yale, hata kasi ikapungua kwa karibu nusu, na tena ili kipokee vizuri sharti kikae mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, na mahali hapo ni upande wa huku wa ukuta, si upande wa kule tunakokutaka. Ukuta ule haulaghaiwi. Kinachouvuka ni waya, kisha mwisho wa waya kiwepo chombo cha kuueneza mtandao upya, na chombo hicho, madhali tunacho kabatini, hatuna haja ya kukinunua.

Sasa sharti tufahamu ruta ni kitu gani, maana hapa ndipo penye asili ya makosa yote. Twaiita ruta kwa jina moja, lakini ndani ya kasha lile mna watumishi wanne. Wa kwanza ni bawabu, asimamaye baina ya nyumba na dunia, akipitisha yatokayo na yaingiayo. Wa pili ni karani, ambaye kila simu au kompyuta ibishapo hodi huipa anwani yake na kuielekeza mlango uliko. Kazi yake hiyo huandikwa DHCP. Wa tatu ni njia panda ya nyaya, yale matundu manne yaliyopangwa pamoja nyuma ya kasha. Wa nne ni redio yenyewe, yaani waifai. Kuigeuza ruta kuukuu iwe kituo cha kuenezea mtandao si kuiongezea kitu, bali ni kumstaafisha bawabu na karani, wabaki njia panda na redio peke yao.

Mimi sikulijua hilo. Nilivuta waya, nikauchomeka katika ruta ya zamani kama ilivyokuwa, nikaona taa zimewaka, nikamwita Shangazi chumbani kwake kwa furaha kubwa. Simu yake ikaandika kwamba imeunganishwa, na chini yake ikaandika kwamba hakuna intaneti. Na muda si muda, hata simu za watu waliokuwa sebuleni, ambazo hazikuwa na taksiri yoyote, zikaanza kukatika moja baada ya moja. Kilichotokea ni kuwa nyumba ilipata makarani wawili. Ruta zote mbili zilikuwa na anwani moja, 192.168.1.1, ambayo ni ya kawaida kwa ruta nyingi, na kila moja iliziambia simu, "Mlango ni mimi." Simu zilizomwamini karani wa zamani zilipeleka habari zao kwa bawabu asiyekuwa na barabara nyuma yake, zikafia hapo. Wahenga wetu wa pwani walikwisha sema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama, na usiku ule nyumba nzima ilikwenda mrama mpaka nilipoung'oa waya.

Njia iliyo sawa ni hii, nami nitaieleza kwa utaratibu wake kwa kuwa utaratibu ndio kazi. Iweke ruta ya zamani mbali na ile mpya, peke yake, iunganishe na kompyuta kwa waya mfupi katika moja ya yale matundu manne. Kando ya maandishi ya nyuma kuna kijitundu kisichoingia hata kalamu. Tia ncha ya pini, ubonyeze kitufe kilichomo ndani, ushikilie kwa muda wa sekunde kumi au zaidi, huku ukizitazama taa, mpaka zizime zote pamoja na kuwaka upya. Hapo ruta imesahau yote iliyofundishwa na mmiliki wake wa kwanza. Andika anwani yake katika kivinjari, uingie kwa jina na nywila zilizochapishwa chini ya tumbo lake, na nywila hiyo uibadilishe papo hapo, kwa sababu huwa inajulikana na kila mtu aliyenunua ruta ya aina ile.

Kisha yatengeneze mambo ya waifai kwanza: jina la mtandao na nywila yake viwe vile vile vya ruta mpya, herufi kwa herufi, ili simu ya Shangazi isione nyumba mbili bali moja, nayo yenyewe ihame kutoka redio hii kwenda ile kadiri anavyotembea. Mkondo wa redio, hata hivyo, usiwe mmoja. Katika masafa ya 2.4 mikondo isiyopandana ni 1, 6 na 11. Ikiwa ruta mpya yasema katika 1, ya zamani na iseme katika 6 au 11. Baada ya hayo ipe anwani mpya, mathalan 192.168.1.2, na uhakikishe anwani hiyo haimo katika zile ambazo ruta kuu huzigawa. Ikiwa ruta kuu hugawa kuanzia 100 hadi 199, basi 2 ni salama. Mwisho kabisa, uzime DHCP. Nimesema mwisho kwa makusudi: ukimwondoa karani kabla ya wakati, kompyuta yako ikaomba anwani, hapana wa kuipa, na utabaki mlangoni ukibisha mpaka urudi kwenye pini na kuanza upya.

Kisha ndipo waya uletwe, nao uingie katika moja ya matundu manne, si lile la tano lenye rangi mbali lililoandikwa WAN. Lile la tano ni mlango wa bawabu. Ukiutia waya hapo, mtandao waweza kufanya kazi ikiwa hukumstaafisha, lakini nyumba itakuwa na uzio ndani ya uzio, na printa iliyo sebuleni haitaonwa na kompyuta iliyo chumbani. Zipo ruta zenye chaguo tayari la kuzigeuza kituo cha kuenezea, nazo mara nyingi huruhusu hata tundu hilo. Lakini zile za kale kabatini mwetu nyingi hazina.

Waya nilioutumia nyumbani kwa Shangazi ni wa daraja la Cat5e, wa mita ishirini na mbili, nao ni mfupi mno ukilinganisha na mita 100 ambazo waya wa namna hiyo huweza kuhimili. Sikutoboa ukuta. Juu ya fremu ya mlango palikuwa na tundu la waya wa simu ya zamani, ile ya kuzungusha kwa kidole, na waya wake mfu ulikuwa bado umo. Nikaufunga waya mpya kwenye ncha ya ule wa kale, kijana mmoja akavuta upande wa pili pole pole, vumbi la chokaa likatushukia kichwani, na waya ukapita. Kutia vichwa vyake ndiyo kazi ya subira: nyuzi nane, na mpangilio wake, kutoka kushoto, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia; zinyooshwe, zikatwe sawa, zisukumwe mpaka ncha za shaba zionekane kwenye mwisho wa kichwa cha plastiki, ndipo zibanwe kwa koleo. Nyuzi mbili zikibadilishana nafasi, kazi yote ni bure.

Kwa insafu, sharti niseme pia mipaka ya chombo hiki. Matundu ya ruta nyingi za zamani hayapitishi zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo mwenye kulipia kasi kubwa kuliko hiyo hataiona yote mwisho wa waya. Lakini kwa mazungumzo ya picha kati ya Mombasa na Maskati, megabiti chache zatosha. Usalama ndio unaonihangaisha zaidi. Ruta isiyojua ulinzi wowote ila ule wa WEP isitumiwe kabisa, kwani kufuli hilo lilivunjwa zamani. Itumike ile inayokubali WPA2, iliyoanza mwaka 2004, na kile kitufe cha WPS kizimwe, maana mwaka 2011 ilidhihirika kuwa namba zake hukisiwa kwa urahisi. Na ikiwa ruta ni ya kampuni ya simu, uliyopewa kwa mkataba, basi hiyo ni amana, uliza kwanza kama ni yako.

Wapo kati yenu watakaotaka kwenda mbali zaidi, na kwao natamka neno moja juu ya ruta ya Linksys iitwayo WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002. Watu waligundua kuwa programu iliyomo imejengwa juu ya Linux, ambayo leseni yake yataka msimbo utolewe hadharani; kampuni ikautoa mwaka 2003, na kutokana na msimbo huo, mwaka 2004, ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo huzipa ruta nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake programu mpya na viraka vya usalama. Kabla ya kujaribu, soma namba ya toleo iliyo chini ya kasha, kwani ruta mbili za jina moja huweza kutofautiana ndani, na programu isiyo yake huiua.

Shangazi sasa huzungumza na mwanawe akiwa kitandani, dirisha li wazi. Siku ya kwanza alinitaka nisimame pale ngazini pake pa zamani, nimwambie kama hapo napo bado panafanya kazi, nikamwambia panafanya.

Ruta iliyo mezani hapa ndiyo ya mfano, na nimeona wengi wenu mmekuja na zenu mifukoni. Kabla hamjazichomeka, tazameni adapta: nyingine ni za volti 9, nyingine 12, na vichwa vyake hufanana. Namba iliyo kwenye adapta sharti iwe ile iliyoandikwa kwenye kasha. Pini ziko kwenye kile kikombe.