Fedha za Chuo Kikuu: Zawadi au Deni?

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya fedha zinazomwezesha mtoto wa mtu asiye na mali kusoma katika chuo kikuu. Habari hii yawahusu wanafunzi walio karibu kumaliza kidato cha sita. Yawahusu vile vile wazee wao, kwa kuwa mara nyingi mzee huombwa kutia sahihi karatasi ambayo hakuelezwa maana yake.

Mfikirieni mjomba mmoja aketiye barazani jioni. Mpwa wake amjia, ameshika karatasi mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko utokako?"

"Njema. Naomba fedha za kwenda chuoni, nami nataka unidhamini."

"Ni fedha za nani?"

"Za serikali, mjomba."

"Basi ikiwa ni za serikali, ni zawadi. Nipe kalamu."

Mjomba huyu ana moyo mwema, walakini amesahau kuuliza neno moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: Je, fedha hizi hurudishwa?

Maana fedha za mwanafunzi si za namna moja. Namna ya kwanza ni ruzuku au ufadhili. Hizi mwanafunzi hupewa, wala harudishi. Katika Tanzania upo ufadhili uitwao Samia Scholarship, ulioanza katika mwaka wa masomo wa 2022/2023, ambao hupewa wanafunzi waliofaulu sana masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Namna ya pili ni msaada wa ukoo, majirani, kanisa au msikiti, wanaochanga kila mtu kwa kadiri yake. Huu nao haurudishwi kwa fedha, bali kwa shukrani. Namna ya tatu ni mkopo. Huu ni deni, hata kama anayekopesha ni serikali, na hata kama mkopaji ni yatima.

Mtu aweza kusema, "Jambo hili ni wazi, nani asiyelijua?" Historia ya Kenya yatuonyesha ya kuwa si wazi kwa kila mtu. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma vyuo vikuu nje ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru mfuko ule ulilala. Mwaka 1974, wanafunzi wa vyuo vikuu walipokuwa wamezidi, serikali ilianza mpango mpya wa mikopo. Lakini mpango ule haukuwa na sheria ya kutosha ya kudai fedha zilizokopeshwa, na watu wengi walishika kwamba mkopo ule ni zawadi isiyorudishwa. Basi fedha zikatoka, zisirudi. Kwa sababu hiyo mwaka 1995 Bunge la Kenya lilitunga sheria iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ikapewa nguvu za kukopesha na za kudai pia.

Katika Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ina bodi yake. Sasa nitaeleza jinsi ile bodi ya Tanzania ifanyavyo kazi.

Kwanza, maombi. Kila mwaka bodi hutoa mwongozo, na maombi hupelekwa kwa njia ya intaneti. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, nacho huhakikiwa na wakala wa serikali wa usajili, yaani RITA, au na ofisi ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo. Hapa, ndugu zangu wa vijijini, ndipo wengi hujikwaa. Baba alikufa miaka kumi iliyopita, akazikwa, matanga yakaisha, wala hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo chake. Kijiji chote chajua kwamba mtoto ni yatima, lakini bodi haikuwako mazikoni, yaamini karatasi. Basi msingoje mtoto afike kidato cha sita. Andikisheni vizazi na vifo mapema, na majina yaandikwe sawasawa katika kila cheti.

Pili, kiasi cha mkopo. Bodi hupima uhitaji wa kila mmoja, kwa hiyo wawili waliosoma dawati moja waweza kupata viwango mbalimbali. Mkopo wenyewe una mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita "bumu", humfikia mwanafunzi mwenyewe. Lakini ada hulipwa chuoni moja kwa moja, wala yeye haioni kwa macho. Asichokiona hukisahau, hata siku ya hesabu hustaajabu, akisema, "Mbona deni ni kubwa kuliko nilichopokea?" Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi mwenye busara huandika kila mwaka bumu alilopokea na ada iliyolipwa kwa ajili yake.

Tatu, kulipa. Baada ya kumaliza masomo, mkopaji hupewa miezi 24 ya kujitafutia riziki kabla ya kudaiwa. Aliyeajiriwa hukatwa na mwajiri wake asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ndivyo ilivyowekwa na sheria ya mwaka 2016, ambapo kabla yake ilikuwa asilimia 8. Aliyejiajiri hupaswa kulipa mwenyewe. Zamani iliongezwa tozo ya asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha, lakini tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021.

Na tufanye hesabu kwa mfano. Mwalimu kijana anadaiwa shilingi 10,000,000, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Asilimia 15 yake ni shilingi 105,000. Mshahara wake usipobadilika, atalipa kwa muda wa miezi 96, yaani miaka 8. Katika miaka hiyo ataoa, atajenga, atasomesha wadogo zake. Akijua tangu mwanzo, ataikata nguo yake kwa kadiri ya kitambaa. Asipojua, siku ya mshahara wa kwanza itakuwa siku ya huzuni nyumbani kwao. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, nasema msikope? Hasha! Wengi wasingaliona mlango wa chuo kikuu pasipo mkopo huu. Mkopo ni kama jembe la kuazima: waweza kulima nalo shamba zima, lakini jirani naye alingoja arudishiwe alime lake. Fedha zinazorudishwa hukopeshwa wanafunzi wengine wanaokuja nyuma. Anayejificha asilipe hamwibii waziri wala tajiri wa mjini. Amzibia njia mtoto wa kijijini kwake mwenyewe.

Sasa turudi barazani kwa mjomba. Asirudishe kalamu, wala asiharakishe kuitia wino. Na amwambie mpwa wake, "Keti, mwanangu, unisomee maneno haya yote, toka juu hata chini. Niambie ni kiasi gani, hurudishwa lini, na mimi mdhamini naahidi nini." Mpwa akiweza kumjibu haya matatu, mjomba na atie sahihi kwa furaha. Asipoweza, na waende pamoja kwa mwalimu, wakaulize. Kuuliza hakuna malipo.