Gari Lililoshushwa na Tairi za Nyuma

Leo tunaingia uvunguni mwa gari dogo lililoshushwa, ingawa kwa makorongo ya huku kwetu Kibondo na Kasulu, kusema kweli, kushusha gari ni kujitafutia balaa.

Ukikata springi za Subaru Impreza, tairi za nyuma hulalia ndani kwa juu, na mwelekeo wake nao huhama. Zima gari, chungulia ukingo wa ndani wa tairi. Umelika kuliko wa nje? Waya zimeanza kuonekana? Tairi hiyo isiende safari. Mwelekeo hurekebishwa kwa bolti maalumu. Mlalo mara nyingi hudai vifaa vya ziada.

Toyota IST ni habari nyingine: nyuma ina boriti moja, haina bolti ya kurekebisha. Boriti hiyo ikipinda shimoni, kwa kawaida hubadilishwa.

Bushi zilizochoka zibadilishwe kabla ya kupima alaimenti, yaani mlalo na mwelekeo wa tairi. Kisha fundi aanze nyuma, ndipo aje mbele. Akipima mbele tu, gari linaweza kunyooka huku usukani umekaa upande. Kama anatumia mashine, mwombe karatasi ya vipimo, vya kabla na vya baada.