Mgongo Usioacha Kuuma: Tusiseme ni Jembe Tu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Malava)



Leo tuzungumze juu ya mgongo. Sisi sote hapa tumelima, tumebeba kuni na kukata miwa. Kwa hiyo mama akilalamika mgongo tunamwambia, "Pumzika, ni jembe hilo." Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila mara.

Iko saratani inayoanzia kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke. Dalili zake hufanana na shida ndogo ndogo: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu chini ya kitovu, kukojoa mara kwa mara. Zikiendelea karibu kila siku kwa majuma 3, twende hospitali. Tena tusidanganyike: kile kipimo cha mlango wa kizazi hakikusudiwi kutafuta saratani ya ovari.

Kwa kawaida saratani hii huenea humo humo tumboni. Kufika kwenye mifupa ya mgongo ni nadra, lakini hutokea, hata baada ya mtu kumaliza matibabu. Ikifika huko yaweza kubana uti wa mgongo, unaopitisha mishipa ya fahamu hadi miguuni.

Basi tushike ishara hizi: maumivu yanayozidi usiku au mtu akilala, miguu kulegea, ganzi miguuni au sehemu za siri, mkojo au choo kukataa, ama kutoka bila mtu kujua. Hizo si za kungojea siku ya soko. Ni za leo leo! Anayetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kutembea. Miguu ikishapooza, ni vigumu irudi.

Tusimpandishe bodaboda. Alazwe chali, mwili umenyooka, atafutiwe gari. Kutoka Malava anaweza kutumwa Kakamega, na pengine Eldoret. Achukue kadi zake zote, na aseme wazi kama amewahi kutibiwa saratani.

Tena tusimhukumu. TB ya mgongo nayo huleta dalili kama hizo, na inatibika kwa dawa. Wa kupambanua ni daktari, si sisi majirani.

Sasa tuulizane: kikundi chetu kina pesa za gari usiku wa manane? Tukikutana kwa meri-go-raundi, tutenge kidogo kila mara kwa dharura. Tumezoea kuchangia mazishi. Tuanze kuchangia safari ya hospitali.