Kalsiamu na Kazi ya Kongosho



Kalsiamu inapotajwa, wengi hufikiria maziwa, mifupa na meno. Mazungumzo ya leo yanahusu kazi yake nyingine, inayofanyika ndani ya kongosho, tezi iliyolala nyuma ya tumbo.

Kwa siku, kongosho ya mtu mzima hutoa lita moja hadi mbili hivi za majimaji yenye vimeng'enya vya kusaga wanga wa ugali, protini ya maharagwe na mafuta. Kalsiamu ndiyo hutoa amri. Seli ikiwa imetulia, kalsiamu iliyo huru ndani yake huwa kidogo mno. Ile ya nje huizidi kwa takriban mara 10,000. Mtu akila, neva na homoni huiamsha seli. Akiba ya kalsiamu iliyomo hufunguliwa kwa muda mfupi, vifuko vya vimeng'enya humwagwa, chumvi na maji hufuata. Kisha pampu za seli huirudisha kalsiamu ghalani.

Kurudishwa huko ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Vimeng'enya vya kusaga protini hutoka vikiwa vimelala, na huamshwa vikifika utumbo mwembamba. Pombe nyingi, au kijiwe cha nyongo kinachoziba njia, huweza kuifanya kalsiamu ibaki juu ndani ya seli. Hapo vimeng'enya huamka mapema, na kongosho huanza kujisaga yenyewe. Wapo wanaofariki kwa sababu hiyo.

Mgonjwa hupata maumivu makali sehemu ya juu ya tumbo, mara nyingi yakipenya hadi mgongoni, na hutapika. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakanunua dawa dukani na kulala nazo. Maumivu kama hayo hayangoji kupambazuke. Mgonjwa apelekwe hospitalini apimwe damu na kuwekewa maji. Na aliyewahi kuugua hivyo kwa ajili ya pombe, kuiacha kabisa ni sehemu ya matibabu yake.

Je, watu waache maziwa? La. Mwili una homoni zinazolinda kiwango cha kalsiamu katika damu, na kikombe cha chai ya maziwa hakikivurugi. Anayemeza tembe za kalsiamu ndiye afuate kipimo alichoandikiwa, kwani ikizidi sana katika damu, nayo huweza kuiumiza kongosho.