Wavivu wa Kupiga Kura Ziwani ni Akina Nani?

Ndugu wasikilizaji, kila baada ya uchaguzi hapa Mwanza husikika lawama ile ile: watu wetu ni wavivu wa kupiga kura. Kwenye mikutano ya kampeni wanajazana mpaka juu ya miti, lakini siku yenyewe ikifika hawaonekani. Leo naomba tuipime lawama hiyo.

Tuanze na historia. Mwaka 1965, enzi za chama kimoja, wapiga kura waliletewa wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Miongoni mwa waliotetea viti vyao huku kwetu alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyeujenga ushirika wa wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa. Akashindwa. Miaka 45 baadaye, Oktoba 31, 2010, jimbo la Nyamagana likamwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, na kumchagua Ezekiel Wenje wa CHADEMA. Ilemela nayo ikamwacha Anthony Diallo, aliyewahi kuwa waziri, ikamchukua Highness Kiwia. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, kiti kikaenda CHADEMA vilevile. Je, huo ni uvivu?

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Mwaka huo huo wa 2010, nchi nzima, waliopiga kura hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa, wakati mwaka 2005 walikuwa asilimia 72. Mwaka 2015 mahudhurio yakapanda hadi asilimia 67, na Nyamagana na Ilemela zikarudi CCM. Mji uligeuka mwaka wa watu wachache, ukageuka tena mwaka wa watu wengi. Kwa hiyo wingi wa watu kwenye foleni peke yake hauelezi wananchi wanataka nini.

Na yule asiyefika kwenye foleni, tumemuuliza alikuwa wapi? Nendeni pale Mwaloni, Kirumba, muone dagaa wanavyoshushwa kwa magunia. Dagaa hao wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, ndipo wavuvi hupumzika. Maisha yao yanafuata mwezi angani, wala si kalenda ya ofisini. Tena hawakai mahali pamoja. Kijana anaandikishwa Igoma, samaki wanamwita Ukara, mwezi unaofuata yuko kisiwa kingine. Sheria inamtaka apige kura kwenye kituo alikoandikishwa. Ili afike inabidi apoteze kazi ya siku nzima au zaidi, alipe nauli ya boti kwenda na kurudi, na amwombe ruhusa tajiri wa mtumbwi. Uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 ulifanyika siku mbili tu kabla ya mwezi mpevu. Ule wa 2010 mwezi ulikuwa umekwisha kupungua nusu. Sisemi mwezi ndio uliochagua wabunge. Nasema tu kwamba kwa mvuvi tarehe ya uchaguzi si jambo dogo.

Wako pia wanaobaki nyumbani kwa makusudi, kwa sababu hawaoni wa kumchagua. Hao nao wana lao la kusema. Oktoba 29, 2025 tulitangaziwa mahudhurio ya asilimia 87 na mshindi wa urais mwenye karibu asilimia 98. Lakini chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, intaneti ilizimwa, maandamano yakazuka katika miji kadhaa, Mwanza ikiwamo, na watu wakapoteza maisha. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walisema wazi kuwa uchaguzi ule haukufikia viwango. Kama asilimia kubwa ingekuwa dawa, tungekuwa tumekwisha pona.

Mimi naona kazi ni mbili. Ya kwanza ni nyepesi: wanaoboresha Daftari la Kudumu wafike kwenye mialo na visiwani, wafike wakati wa mbalamwezi, na wamweleze mvuvi namna ya kuhamisha taarifa zake kabla muda haujapita. Ya pili ni nzito: mpiga kura akikuta karatasi ya kura, akute uchaguzi ndani yake. Wazee wetu wa 1965 walikuwa na chama kimoja, lakini walikuwa na majina mawili, na waziri aliyashika matokeo yake. Mtu akijua kura yake inaweza kumng'oa waziri, atavuka maji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiwaite watu wavivu kabla ya kuwauliza walikuwa wapi na waliwekewa nini mezani. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo.