Meya wa Chicago alirudi mtaani, wa kwetu anachaguliwa ukumbini

Naona hata wa Endulen na Nainokanoka mmefika, poleni na barabara. Sitawachosha.

Mwaka 2015 kule Chicago, Marekani, meya Rahm Emanuel alitaka kuendelea na kiti. Kura ya meya kule haina chama, ni jina la mtu tu. Februari hakufikisha nusu. Ikabidi Aprili arudi kwa wananchi kupambana na Jesús García. Akashinda, karibu asilimia 56. Sawa, kashinda. Ila mtu aliyeko madarakani, mwenye hela na marafiki wakubwa, alilazimika kurudi mtaani kuomba kura mara ya pili. Hapo ndipo nataka mpaangalie.

Sasa nani kati yenu amewahi kumpigia kura mwenyekiti wa halmashauri ya Karatu? Ya Ngorongoro je? Meya wa Jiji la Arusha? Hakuna! Unampigia diwani, halafu madiwani wanajifungia ukumbini wanachaguana. Wakikosana humo tunaumia sisi wa nje. Umeya wa Arusha wa Desemba 2010 uliishia barabarani Januari 5, 2011, watu wakauawa kwa risasi.

Na bila chama hugombei. Dk. Slaa mwaka 1995 alikatwa jina CCM, akahamia CHADEMA, Karatu ikampa ubunge. Yeye alipata mlango mwingine. Asiyeupata je? Marehemu Mchungaji Mtikila alihangaika mahakamani miaka na miaka. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, hapo Arusha tu, ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki.

Najua mtaniuliza: huyo binafsi si atatugawia kura? Inawezekana kabisa. Acha agawe, tutamfuata kijiji kwa kijiji.

Ndugu wa Ngorongoro wanalijua hili kuliko mimi. Agosti 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa ukiwa Novemba, tangazo la serikali likafuta vijiji vyao. Wakajaa barabarani, Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha. Yaani walikuwa wanagombania hata kuwa na mwenyekiti wa kijiji!

Kwa hiyo kwenye madai yetu ya katiba tunaongeza mawili: meya na mwenyekiti wa halmashauri wapigiwe kura na wananchi, na mgombea binafsi aruhusiwe. Karatasi za sahihi ziko kwa katibu. Andika jina na kijiji chako, hata kama kiliwahi kufutwa.