Taa Ionyeshayo Mpaka

 

Siku moja tulikwenda kumwona mgonjwa, na mkewe akatusindikiza mpaka nje. Akasema, "Mchungaji, daktari atampasua mume wangu atoe uvimbe ulio katika ubongo. Lakini amesema hawezi kuahidi kuumaliza wote. Mbona hawezi? Si atauona kwa macho yake?" Hatukuwa na jibu. Basi tukawauliza wenye ujuzi, tukasoma, na leo twataka kuwagawia tuliyojifunza.

Iko aina ya uvimbe wa ubongo iitwayo glioma. Huo si kama jiwe lililoanguka ndani ya unga, ambalo mtu huliokota na unga ukabaki safi. Wafanana zaidi na sangari shambani. Juu utaona fungu la majani, lakini chini mizizi imekwisha kutambaa katikati ya mizizi ya mahindi. Mkulima aking'oa shina la mahindi kwa bahati mbaya, atapanda jingine. Katika ubongo hakuna kupanda tena. Hapa pana usemi wa mtu, pale pana nguvu za mkono wake. Na chini ya taa nyeupe ya chumba cha upasuaji, hata iwe kali namna gani, ukingo wa uvimbe na ubongo mzima huonekana karibu sawa.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta mwanga wa namna nyingine. Mwaka 1948, George Moore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza jinsi walivyotumia rangi iitwayo fluoresini ili kuutambua uvimbe wa ubongo. Miaka 50 baadaye, huko Ujerumani, daktari Walter Stummer na wenzake walitangaza kazi yao juu ya dawa nyingine, iitwayo kwa kifupi 5-ALA. Mgonjwa huinywa, imechanganywa na maji, saa tatu hivi kabla ya kulazwa usingizi. Si kitu kigeni kabisa mwilini, kwa maana mwili wenyewe huitengeneza katika safari ya kuifanya ile rangi nyekundu ya damu. Ndani ya chembe za uvimbe, dawa hiyo hugeuka kuwa kitu kinachong'aa, nacho hurundikana humo. Daktari akibadili taa ya darubini yake kutoka nyeupe kuwa buluu, ubongo mzima huonekana buluu, na uvimbe huwaka mwekundu kama kaa la moto. Pembeni, mahali mizizi inapoanza kutawanyika, huonekana rangi ya waridi hafifu.

Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 270 wa Ujerumani. Kati ya waliopasuliwa kwa taa ya buluu, 65 katika kila 100 hawakuonyesha tena uvimbe katika picha zilizopigwa baada ya upasuaji. Kwa taa nyeupe peke yake walikuwa 36. Dawa hiyo ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2007, na Marekani mwaka 2017. Lakini tusidanganyane. Ugonjwa haukukoma. Ulichelewa kurudi kwa wengi, ila majaribio yale hayakuonyesha wazi kwamba waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao.

Sasa, wapendwa, tutazame mambo matatu.

La kwanza, mgonjwa hunywa kwanza. Taa ile ile ikimulikwa juu ya mtu asiyekunywa dawa, haionyeshi kitu. Ni lazima mtu akubali kuchunguzwa. Nasi twaficha mengi! Mtu mzima aanza kifafa ghafula, ambaye hakuwa nacho. Mwingine aamshwa na kichwa kila alfajiri, tena atapika. Mwingine mkono mmoja wamlegea, au maneno yamtatiza kinywani. Sisi twasema amerogwa, twamfungia chumba cha nyuma kwa aibu. Si kila kichwa kinachouma kina uvimbe, lakini na aseme hivyo daktari, si jirani. Mpelekeni hospitali mapema. Kufanya hivyo si kupungukiwa na imani.

La pili, si kila kinachong'aa hukatwa. Mara nyingine mgonjwa huamshwa katikati ya kazi na kuambiwa azungumze. Maneno yake yakianza kukwama, daktari huzuia mkono wake, ijapokuwa mbele yake bado pana wekundu. Taa yaonyesha, lakini huruma ndiyo iamuayo. Je, sisi wazazi, sisi wazee wa kanisa, tukiliona kosa la kijana, hatukati mara nyingine mpaka tunamwacha bila usemi?

La tatu, baada ya kazi mgonjwa huyo hukingwa na jua na taa kali kwa siku nzima, maana ngozi yake yaweza kuungua. Aliyekwisha kumulikwa hufunikwa. Mtu akija kwetu akaungama, tusimtoe tena uwanjani kila mtu apate kumtazama. Tumfungie pazia, apumzike, apone.

Tulirudi kwa yule mama tukamweleza. Hospitali ya mumewe haikuwa na taa hiyo, ila daktari alikuwa na hofu ile ile njema, ya kujua mahali pa kukomea. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na aache palipo na usemi. Nataka anite jina langu." Mumewe alipasuliwa, na uvimbe mwingine ukaachwa. Matibabu bado yaendelea. Lakini asubuhi humwita mkewe kwa jina, naye huitika.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe watujua ndani kuliko tunavyojijua. Utupe moyo wa kukubali kuchunguzwa. Uiongoze mikono ya waganga, na uwaonyeshe mpaka. Uwakumbuke wanaongoja leo nje ya vyumba vya upasuaji. Nasi utufundishe kuponya bila kuharibu. Amina.